Waliovuka Ruvuma: wachongaji wa Kimakonde na sanaa ya kisasa ya Dar es Salaam

Chukua kinyago ambacho Watanzania wengi hukiita ujamaa: gogo moja la mpingo, watu wamepandana kuanzia chini hadi juu, mmoja kamshika mwenzake bega, mwingine kakalia kichwa cha aliye chini yake, kuna mama na mtoto mgongoni, kuna mzee, kuna anayetwanga. Kwa zaidi ya nusu karne kinyago hiki kimeiwakilisha Tanzania katika ofisi, hoteli, balozi na sebule za wageni waliokuja wakaondoka. Anayetajwa kukianzisha hakuzaliwa Tanganyika. Ni Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde wa Msumbiji aliyehamia Dar es Salaam kutafuta riziki. Na alipokichonga kwa mara ya kwanza hakikuwa na habari yoyote ya siasa. Kiliitwa dimoongo, na kilihusu mieleka.

Hiki ndicho kisa ninachotaka kukichambua: namna watu waliovuka mto wakiwa na panga na nguo za mwilini walivyotengeneza sanaa ya kisasa ya mji uliowaajiri kulinda mageti usiku. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Wamakonde walikuja na jadi yao kutoka porini, wakaiuza mjini. Siyakubali. Ukiangalia tarehe, ukaangalia mti wenyewe na maumbo yake, utakuta kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita leo sanaa ya Kimakonde ilipatikana safarini na mjini, katikati ya watu ambao hawakuwa Wamakonde.

Kwa nini walivuka

Ruvuma ilifanywa mpaka na Wajerumani na Wareno mwishoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo ulikuwa mto wa kuvuliwa samaki na kuvukwa, na Wamakonde waliishi pande zote mbili. Wale wa nyanda za juu za Mueda, upande wa kusini, walikaa mbali na mkono wa Mreno hadi miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi lilipopanda huko na kuwatiisha. Ikafuata kodi. Ikafuata kazi ya shuruti waliyoiita chibalo, ambapo mtu alichukuliwa kijijini kwake kwenda kutengeneza barabara au kufanya kazi katika shamba la mgeni kwa ujira usiofaa kuitwa ujira. Kisha, kuanzia 1938, kilimo cha pamba cha lazima kikasimikwa kaskazini mwa Msumbiji: mkulima anaacha mtama na muhogo wake, analima pamba, anaiuza kwa kampuni aliyopangiwa kwa bei aliyopangiwa.

Ng'ambo ya mto, Tanganyika chini ya Mwingereza ilikuwa ndiyo inayoongoza duniani kwa mkonge, na mkonge unakula watu. Mashamba ya Lindi, Mtwara na Tanga yalimlipa mkata mkonge fedha ambayo kwao Mueda hakuiona. Kwa hiyo walivuka, kwanza vijana wachache, halafu ukoo kwa ukoo. Pwani iliwapokea kwa jina la Wamawia, na jina hilo halikutajwa kwa upole. Chale zao za usoni, meno yaliyochongwa, ndonya kwenye midomo ya wanawake, vyote vilifanywa sababu ya kuwaogopa na kuwacheka. Waajiri waliona jambo jingine katika woga huo: mtu anayeogopwa na mwizi anafaa kuwa mlinzi. Hivyo mlinzi wa usiku wa Kimakonde akawa sehemu ya Dar es Salaam kabla kinyago chake hakijawa.

Mji wenyewe ulikuwa unafurika. Sensa ya 1957 iliukuta na watu wapatao 129,000. Ile ya 1967 ikawakuta karibu 273,000. Katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge iliporomoka baada ya nyuzi za viwandani kuingia sokoni, mashamba yakapunguza vibarua, na Mmakonde wa Msumbiji aliyepunguzwa hakuwa na pa kurudi. Nyuma yake kulikuwa na vita.

Walichokuja nacho

Hawakuja mikono mitupu, hilo lazima lisemwe. Nyumbani kulikuwa na mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani katika ngoma ya jando, vyenye sura za watu, chale kamili na wakati mwingine nywele za kweli. Lakini mapiko yalichongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mtu anacheza nayo kichwani, na yalichongwa mafichoni. Mwanamke na mtoto ambaye hajapita jandoni hakutakiwa kujua kwamba ndani ya lile umbo linalocheza kuna mjomba wake. Mchongaji alikuwa mtunza siri.

Walikuja pia na ujuzi wa pili ambao hausemwi sana. Tangu mapema wachongaji wa Mueda walikuwa wakiwauzia wamisionari na maofisa wa Kireno sanamu ndogo za watu: mwanamke na mtungi, mzee na mkongojo, mtu na jembe. Mtindo huo baadaye uliitwa binadamu. Kwa hiyo aliyefika Dar es Salaam alikwisha kujua kwamba mgeni hununua. Anayemchora Mmakonde wa wakati ule kama mtu wa asili aliyeharibiwa na soko anasahau kwamba soko lilimfuata hadi kwake kabla hajafunga safari.

Sasa mweke mtu huyo chini ya mwembe kando ya barabara ya Dar es Salaam. Amekaa chini, miguu mbele, gogo kalibana kwa nyayo, tezo mkononi. Pembeni kuna patasi, tupa na kipande cha msasa. Wanapita wanawake, watoto wa shule, muuza kahawa, Mzaramo aendaye sokoni, na wote wanamwona. Hakuna siri tena. Hana mzee wa jando wa kumwambia kwamba umbo fulani ni mwiko kuonekana, na hana ngoma inayosubiri kazi yake mwezi ujao. Mbali na ndugu wachache waliokaa naye kwenye mkeka, hakuna anayejua kinyago kinatakiwa kiweje. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Uhamiaji ulimpokonya mchongaji hadhira iliyokuwa ikimwelewa, na kwa kumpokonya ukampa nafasi ya kuchonga kitu ambacho hadhira ile isingekikubali.

Samaki Likankoa na Mohamed Peera

Mtu aliyeitumia nafasi hiyo mapema kuliko wengine ni Samaki Likankoa, naye wa ng'ambo ya Ruvuma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kuchonga viumbe ambavyo havikuwa binadamu wala wanyama: jicho moja katikati ya uso, mdomo umeshuka hadi kitovuni, sikio limerefuka likawa mkono, titi limepinda likawa mguu, na katikati ya mwili tundu unaloweza kupitisha ngumi. Vikaitwa mashetani.

Aliyevinunua na kumhimiza aendelee ni Mohamed Peera, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyekuwa na duka la vinyago mjini. Wenye maduka mengine walitaka tembo, twiga na mwanamke mwenye mtungi, kwa sababu ndivyo mabaharia na watalii walivyoomba. Peera aliona kitu katika viumbe vya Samaki, na akawa tayari kuweka fedha yake hapo. Wapo wanaotaka kumfanya Peera baba wa sanaa hii, na wapo wanaotaka kumfuta kabisa kwa kuwa alikuwa mchuuzi. Nadhani pande zote mbili zinakosea. Mkono uliochonga ni wa Samaki. Lakini mchongaji mwenye njaa hachongi kiumbe cha ajabu mara ya pili kama cha kwanza kimerudi nyumbani bila kuuzwa. Na tusisahau kwamba Peera mwenyewe alikuwa wa jamii iliyovuka bahari. Sanaa ya kisasa ya mji huu ilianza kwenye kaunta ya duka, wamesimama pande mbili watu ambao mji haukuwahesabu kuwa wenyeji wake kamili.

Kuna mtu wa tatu katika mkutano huo, naye ni mwenyeji. Pwani yetu imejaa mashetani tangu zamani: pepo wanaopanda watu vichwani, waganga wanaowapunga, ngoma zinazopigwa usiku kucha hadi pepo aseme jina lake na aina ya kitambaa anachotaka. Wamakonde nao walikuwa na viumbe wao wa porini, nandenga, wanaomtokea mtu peke yake njiani. Mhamiaji aliyekaa mtaa mmoja na Wazaramo na Waswahili alisikia visa vyao na kuwasimulia vyake. Shetani wa mpingo ametoka katika mazungumzo hayo. Huwezi kumpata Mueda peke yake, na huwezi kumpata Pwani peke yake.

Gogo linavyoamua

Nataka kukaa kidogo kwenye mti, kwa sababu wachambuzi wengi wa sanaa huupita haraka. Mpingo hukua polepole sana. Ndani ni mweusi, mzito kiasi cha kuzama majini, na nje umezungukwa na tabaka la rangi ya maziwa ambalo mchongaji huweza kuliacha kama ukosi au kuliondoa lote. Ni nadra mpingo kukua ukanyooka. Mwingi umepinda, una nyufa, umeoza katikati, una tundu lililopita upande hadi upande. Ukitaka kuchonga binadamu wa kawaida, unahitaji kipande kizima kilichonyooka, na hicho ni ghali. Shetani hakatai kitu. Tundu linakuwa tumbo, ufa unakuwa mdomo, tawi lililochomoza linakuwa mkono uliokosewa mahali pake. Mchongaji anageuza gogo huku na huku, anatafuta aliyemo ndani.

Ninachoamini, na hii ni tafsiri yangu, ni kwamba mtindo wa shetani ulistawi pia kwa sababu ulimruhusu mtu maskini kutumia mti ambao tajiri angeuacha. Hapo umaskini wa mhamiaji uliingia moja kwa moja ndani ya umbo. Wanaoona katika vinyago hivi mfano wa Picasso wanatazama mgongo wa kazi. Mchongaji wa Dar es Salaam hakuwa akivunja kanuni za uchoraji wa Ulaya. Alikuwa akibishana na gogo alilomudu kulinunua.

Baada ya shetani yakaja mawingu, maumbo yasiyo na uso kabisa, yaliyonyooka na kujikunja mithili ya moshi. Mtindo huu haukuwahi kupendwa na wanunuzi kama ule wa mashetani. Mimi naupenda kuliko yote, kwa kuwa ndani yake mchongaji anakuwa ameacha hata kisa cha kusimulia.

Kutoka mieleka hadi ujamaa

Turudi kwa Sangwani. Dimoongo yake ilimwonyesha bingwa wa mieleka akiinuliwa juu na wenzake, watu wameshikana, nguvu yao imekusanyika kumbeba mmoja. Wachongaji wengine waliliona umbo hilo wakalipanua. Badala ya wanamieleka wakaingia wanaukoo, mara nyingi mama wa ukoo akiwa juu kabisa, na hilo ni sawa kwa watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Gogo likarefuka. Watu kumi, ishirini, na kuendelea, kila mmoja kachongwa na sura yake, na katikati mwanga unapita.

Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Nchi ilikuwa inatafuta picha ya watu wanaobebana, na picha ilikuwa tayari, imekamilika, inauzwa barabarani. Jina la ujamaa likaishika na halikutoka. Sioni kwamba wachongaji walidhulumiwa kwa kupewa jina hilo. Wengi walilichukua kwa furaha, maana liliuza, na maana kubebana walikuwa wakikujua kuliko waandishi wa hotuba. Kinachonisikitisha ni upande wa pili wa mkataba. Kazi ilipewa uraia wa Tanzania siku hiyohiyo, ilhali waliochonga waliendelea kwa miaka mingi kuwa Wamawia kutoka ng'ambo. Vivyo hivyo kwa ngoma. Sindimba ya Wamakonde ilifundishwa mashuleni na kuchezwa na vikundi vya taifa, huku kiuno kilekile kikisemwa vibaya kilipochezwa na wenyewe mtaani.

Mji wa vita

Mtu akisema wachongaji hawa walikuwa wahamiaji wa kazi tu, anakata nusu ya kisa. Tarehe 16 Juni 1960 maofisa wa Kireno walikutana na umati wa watu Mueda, na mkutano ukaisha kwa risasi. Vyama vya Wamakonde waliokuwa wakifanya kazi Tanganyika na Kenya ndivyo vilivyozaa MANU, mojawapo ya vyama vilivyoungana kuunda Frelimo, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, mjini Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964, na vilianzia Cabo Delgado, nyumbani kwao hasa. Wakimbizi walimiminika kuvuka mto kuingia Lindi na Mtwara. Kambi ya Lutamba ni mojawapo ya zilizowapokea.

Dar es Salaam ya miaka hiyo ilikuwa na ofisi za Frelimo, ilikuwa na shule ya Wamsumbiji Kurasini, na ilikuwa na Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo, hadi kifurushi chenye bomu kilipomuua tarehe 3 Februari 1969. Ndugu wa mchongaji alikuwa mpiganaji, au alikuwa kwenye kambi, au hakujulikana aliko. Frelimo yenyewe iliwapanga wachongaji wa maeneo yaliyokombolewa katika ushirika, na vinyago vyao vililetwa Tanzania kuuzwa ili kupata mahitaji ya watu walioko vitani. Katika kazi za kipindi hicho unamkuta askari na bunduki yake, unamkuta mtu aliyebebeshwa mzigo, unamkuta Mreno amekaa kwenye machela akibebwa mabegani mwa watu. Mpingo ukawa unasimulia chibalo kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia neno hilo.

Hapa ndipo ukimbizi na uhamiaji vinapochanganyika hata usiweze kuvitenganisha. Mtu alivuka 1948 kukata mkonge, na kufikia 1965 amekuwa mkimbizi bila kusogea hatua moja, kwa sababu njia ya kurudi imefungwa nyuma yake. Uhuru wa Msumbiji ulipokuja tarehe 25 Juni 1975 wengine walifunga mizigo. Wengine walikuwa na wake, wateja, watoto wanaosoma na mwembe uliozoea kivuli chao, wakabaki. Na waliorudi hawakukaa kwa amani muda mrefu, kwa kuwa vita vingine vilianza miaka miwili baadaye na kudumu hadi 1992.

George Lilanga na mlango wa Upanga

Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, mtawa wa Kimarekani wa shirika la Maryknoll, alianzisha Nyumba ya Sanaa mjini Dar es Salaam. Vijana walipewa zana, mahali pa kufanyia kazi na mahali pa kuuzia. Miongoni mwa waliokuwa hapo mwanzo ni mchongaji Augustino Malaba na Robino Ntila, aliyejulikana zaidi kwa kazi za kuchapa.

Malaba alimleta mpwa wake. George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 upande wa Tanganyika, kwa wazazi Wamakonde, akafanya kazi kwenye mkonge kama wengine wote, akajifunza kuchonga, na baadhi ya wateja wake wa mwanzo walikuwa Wazungu waliokuja kuwahudumia wakimbizi wa Lutamba. Alipofika Nyumba ya Sanaa kazi aliyopewa kwanza ilikuwa ulinzi. Mlinzi wa Kimakonde tena. Lakini safari hii geti alilolinda lilikuwa la watu waliojua kutazama, na kipaji chake hakikufichika.

Alichokifanya Lilanga ni kuwatoa mashetani ndani ya mpingo. Aliwachora kwenye ngozi ya mbuzi, kwenye mbao, kwenye vitambaa vya batiki, kwenye bati, na baadaye kwenye turubai kubwa, kwa rangi kali za mafuta: waridi, njano, buluu ya bahari. Mashetani wake wana vidole viwili vya mguu, matumbo yaliyofura na masikio makubwa, lakini hawatishi. Wanakwenda sokoni, wanagombana, wanapanda basi, wanabeba watoto, wanacheza ngoma. Ni watu wa Dar es Salaam. Kwa Samaki Likankoa shetani alikuwa bado anatokea porini. Kwa Lilanga amekwisha kuhamia mjini, ana jirani, na ana shida ya nauli. Sijui kazi nyingine ya uchoraji iliyoueleza mji huu wa wahamiaji kwa ukamilifu kama hiyo.

Mwaka 1978 kazi zake nyingi zilionyeshwa Washington, na kuanzia hapo jina lake likatembea. Kazi zake zilikuwa katika Africa Remix, maonyesho yaliyoanza Düsseldorf mwaka 2004 na kuzunguka miji mikubwa ya dunia. Mwenyewe alikuwa anaugua kisukari, na alifariki Dar es Salaam mwaka 2005.

Tingatinga, kwa ufupi

Siwezi kuupita upande wa pili wa mji bila kuutaja. Edward Saidi Tingatinga naye alitoka kusini, wilaya ya Tunduru, akapita kwenye mkonge wa Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani na bustani kwa Wazungu. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mraba vya mbao za dari, kwa rangi ya mafuta ya kupakia nyumba na baiskeli, na kuviuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Polisi walimpiga risasi na kumuua mwaka 1972, wakimdhania mhalifu. Alikuwa amechora miaka minne tu. Ndugu na watu wa kwao aliowafundisha, akina Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata, waliendeleza.

Kuhusu chimbuko la uchoraji huo wapo wanaotaja michoro ya ukutani ya Wamakua, na wapo wanaotaja wachoraji Wakongo waliokuwa wakizunguka Dar es Salaam miaka ya 1960 wakiuza picha. Mimi siwaoni Wakongo hao kuwa jambo la kushangaza. Ni mji uleule: mtu wa Tunduru anamtazama mtu wa Kongo anayemuuzia Mzungu picha, anarudi chumbani kwake na kujaribu kwa rangi aliyonayo.

Hoja ya sanaa ya watalii

Kuna pingamizi moja ambalo nimelisikia kwa wasomi, na lina uzito. Wakati Samaki anachonga, Tanganyika ilikuwa na wasanii waliosoma. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alifundisha Makerere, akachora maisha ya vijijini, na baada ya uhuru akawa balozi wa nchi London. Elimo Njau wa Marangu alihamia Nairobi na mwaka 1965 yeye na wenzake wakaanzisha huko Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyowalea wengi, naye akawa mfano wa Mtanganyika aliyejenga sanaa ya mji wa watu wengine. Kwa wasomi hawa na wanafunzi wao, vinyago vya barabarani vilikuwa bidhaa. Vilichongwa ili viuzwe, kwa hiyo vingewezaje kuwa sanaa ya kweli?

Ninakubali nusu. Nenda soko la vinyago la Mwenge utazame meza kwa meza: twiga wale wale, Wamasai wale wale wembamba, ujamaa mdogo wa kuingia kwenye mkoba, uliopakwa dawa ya viatu ili mti mweupe uonekane mpingo. Kurudia kumeua vipaji vingi, na mnunuzi anayeomba punguzo kwa kazi ya wiki tatu ana sehemu yake katika kifo hicho. Lakini historia haiungi mkono dai kwamba soko liliharibu kitu kilichokuwa safi. Shetani hakuwapo kabla ya soko. Dimoongo haikuwapo. Hata uchongaji wa Wakamba wa Wamunyu, ambao Kenya ni biashara kubwa, husimuliwa kuwa ulianzishwa na Mutisya Munge baada ya kujifunza kwa wachongaji wa Tanganyika alikopelekwa na Vita Kuu ya Kwanza. Ubunifu wote huu ulizaliwa mahali ambapo mtu aliyehama alilazimika kula kwa mkono wake.

Na dunia ilikuja kukubali kwa namna yake. Mwaka 1989, Paris, katika maonyesho makubwa ya Magiciens de la Terre, mashetani ya John Fundi, Mmakonde wa Msumbiji, yaliwekwa pamoja na kazi za wasanii mashuhuri wa Ulaya na Marekani.

Majina na vitambulisho

Fundi na Lilanga wana majina. Walio wengi hawana. Geuza kinyago cha miaka ya 1960 uangalie chini: mara nyingi hakuna kitu, au kuna bei ya duka. Makumbusho nyingi za Ulaya zimeandika "Makonde, Tanzania" na kuishia hapo, maneno mawili ambayo kwa kazi nyingi yana kosa ndani yake, kwa kuwa aliyechonga alizaliwa Msumbiji, na ana jina kama Rembrandt alivyokuwa na jina. Wajukuu wa wachongaji hao wapo hai Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Wanajua nani alichonga nini, na babu alimuuzia nani. Kazi ya kuwauliza haihitaji fedha nyingi, inahitaji mtu wa kukaa nao na daftari, na inahitaji kufanywa sasa kabla waliobaki hawajaondoka na habari hizo.

Upande wa Kenya suala lilikuwa gumu zaidi ya jina. Wamakonde waliokwenda kufanya kazi katika mkonge na miwa ya Kwale tangu miaka ya ukoloni walizaa watoto na wajukuu huko, na wengi waliishi kwa kuchonga. Watalii wa pwani ya kusini walinunua vinyago vyao kwa miongo kadhaa na kuvipitisha uwanja wa ndege bila tatizo. Mchongaji mwenyewe hakuwa na kitambulisho: hakuweza kufungua akaunti ya benki, kusajili ardhi wala kupita kizuizi cha polisi kwa amani. Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, wakazuiwa njiani, wakaendelea. Rais aliagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na mapema 2017 Wamakonde wakatangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya, takriban miaka 80 baada ya wa kwanza wao kufika.